Jumatano Nitaangusha Kijiko

Kawempe, Kampala
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu Wafula,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote, lakini leo sitaandika kwamba mimi ni mzima na natumaini nanyi m wazima. Nimeandika hivyo mara nyingi kwa sababu ndivyo barua inavyoanza, na ona imenifikisha wapi. Mimi si mzima, kaka. Nyinyi ndio nawaombea uzima. Goti la mama linaendeleaje tangu mvua zianze? Bado anakataa kulikanda kwa maji ya moto kwa kuwa wifi ndiye aliyeyachemsha? Na kinu chako cha unga, bado kinazimika kila foleni inapokuwa ndefu? Nekesa, mwanangu, sitauliza habari zake hapa, maana yeye ndiye barua yenyewe.

Naipeleka kwa mkono wa Barasa, yule dereva wa lori la ndizi anayepitia kwetu akivuka mpaka wa Malaba. Nimemwapisha aiweke mkononi mwako mwenyewe, si kwa mtoto wala kwa fundi wa kinu. Isome peke yako kwanza, halafu umsomee mama. Usimpe mchungaji aisome mbele ya watu kama ile ya mwisho, ambayo wote waliisikia na hakuna aliyeiamini.

Nakuomba kwa jina la marehemu baba, usimpandishe Nekesa basi Jumamosi. Nimeliweka neno hilo hapa juu ili hata ukichoka kusoma katikati, kama ninavyokujua, liwe limekwisha kukufikia.

Barua ya mama, aliyoandikiwa na mke wa mchungaji, ilinifikia Alhamisi. Ilikuwa furaha tupu. Anasema shule zinafungwa Ijumaa, anasema umekwisha kumnunulia mtoto viatu, na kondakta wa basi ni mtu mnayesali naye. Anasema mtoto akishushwa hapa kwenye kituo cha mabasi atauliza tu alipo mwalimu wa TV, yaani mimi, kwa kuwa Kampala nzima inanijua. Wafula, wewe umewahi kufika Kampala? Hapa mtu hamjui hata jirani anayelala naye ukuta kwa ukuta. Mtoto wa miaka tisa asimame pale katikati ya makuli na wauza maji, aulize alipo mwalimu wa TV! Ataonyeshwa njia, ndiyo. Hawakosekani watu wa kumwonyesha mtoto wa kike njia. Niliposoma hapo nilikaa juu ya magunia ninayoshona.

Nilikimbilia posta kupiga simu ya lile duka la senta, pale madukani kwenu. Akapokea mtu, akasema wewe umekwenda sokoni. Nikamwambia mimi ni Nasimiyu, dada yake Wafula, amwambie asimtume mtoto. Kikohozi kikanishika katikati ya maneno. Akasema mwalimu sauti yake wanaijua, wanaisikia kila siku, na hiyo si sauti yake. Akakata.

Sasa nianze upya, kwa utulivu, kama ninavyowafundisha watoto, ingawa utulivu wenyewe sina.

Kile kituo cha televisheni ya masomo, ambacho mliniombea na kunichinjia kuku nilipokuja kukifanyia kazi, hakirekodi tena masomo. Kilikuwa cha nchi zetu zote za kanda hii, na wewe unajua mambo ya kitu cha wote: kila mmoja anamngoja mwenzake atangulie. Wafadhili wa ng'ambo walipoondoka tuliitwa walimu wote ukumbini, tukapewa soda na maneno mazuri, tukaambiwa twende tukapumzike mpaka serikali zielewane. Mpaka leo tunapumzika. Ila mtambo hawakuuzima, kwa sababu wakiuzima masafa yao watapewa watu wengine. Kwa hiyo zinachezwa kanda za zamani, moja baada ya nyingine, na zikiisha zinaanza upya. Yule mnayemwona saa kumi na moja jioni, mwenye koti jekundu na mashavu yaliyojaa, ni mimi wa zamani. Yumo ndani ya kanda. Mimi niko Kawempe, nashona magunia yaliyopasuka ya wafanyabiashara.

Niliwaandikia haya. Wewe ukanijibu kwa mkono wako: dada, tumekuona jana, umenawiri, acha utani. Niliposema nimepatikana na kifua kikuu, ukajibu kwamba mtu wa kifua hawezi kusema kipindi kizima bila kukohoa, na kwamba ulinisikia kwa masikio yako nikieleza viwavi na vipepeo toka mwanzo hadi mwisho bila hata kusafisha koo. Nikatuma picha niliyopigwa karibu na zahanati. Mama akauliza ni nani aliyewatumia picha ya marehemu shangazi. Hapo nilicheka, kaka. Nilicheka mpaka kikohozi kikanikamata, kisha nikalia, kwa sababu kweli ninafanana naye alivyokuwa siku zake za mwisho.

Siwalaumu sana. Na mimi ningewaona nyinyi mmenona kila jioni, halafu ikaja karatasi inayosema mnakufa njaa, ningesema karatasi ina wazimu. Hata watu wa hapa hapa hawanitambui. Wiki iliyopita nilipeleka magunia Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla. Mwenye duka mmoja ana televisheni juu ya rafu ya sabuni, nami nilikuwa humo nikifundisha mapafu, nimevuta pumzi ndefu kuwaonyesha watoto kifua kinavyopanda. Yule mzee akanitazama, akatazama kioo.

“Nyabo, wewe nafanana kidogo na ure mwarimu,” akasema.

“Ni mimi, ssebo,” nikasema, nikimwita bwana kwa Kiganda kama alivyoniita bibi.

“Aa. Ure iko mzima, nakura vizuri. Wewe wacha kuchekesha watu.” Kisha akaniomba nisogee, kwa sababu nilikuwa nakohoa karibu na sabuni zake. Nikasogea. Kule juu naendelea kuwaambia watoto wafungue madirisha wapate hewa safi. Chumba changu mimi hakina dirisha. Ni stoo nyuma ya karakana ya mbao, na unga wa misumeno unaingia mpaka kwenye uji.

Ngoja nikueleze jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, maana humo ndimo balaa hili lilimotoka. Kufundisha mbele ya kamera si kama darasani. Hakuna mtoto hata mmoja. Kuna taa kali, kuna kioo cheusi cha duara kinachokukodolea, na nyuma yake mtu mzima anatafuna karanga. Mkubwa wetu wa vipindi, mama mmoja mkali sana, alitufundisha hivi: uliza swali, halafu nyamaza. Mtoto aliye nyumbani anajibu, usimkatize. Itikia kwa kichwa kama unayemsikia, tabasamu, ndipo uendelee na jibu. Kimya hicho tulikiita nafasi ya mtoto. Walimu wengine waliona haya kukaa wakitabasamia chuma, wakawa wanakikimbia kimya kile kama watu wanaofukuzwa. Mimi nilikiweza kuliko wote. Mkubwa alituambia kila mtu achague mtoto mmoja anayemjua, amfundishe huyo tu, basi nikachukua picha ya Nekesa, ile ya Krismasi aliyokunja uso kwa jua, nikaibandika kwa utepe chini ya jicho la kamera. Masomo yale yote nilimfundisha yeye. Nikiuliza, namuuliza yeye. Nikinyamaza, namngoja yeye.

Na kumbe alikuwa akijibu. Hilo sikulijua mpaka barua ya mama.

Mama anasema Nekesa hukaa kinuni mbele ya televisheni yako, juu ya gunia, pua karibu iguse kioo, na majibu yote anayatoa kwa sauti. Baadaye, watu walipozoea na kurudi kwenye foleni yao ya unga, akaanza kunipa habari zake ndani ya zile nafasi. Nikiuliza miguu ya mdudu, yeye ananiambia jino limeng'oka. Nami namwitikia kwa kichwa, namwambia vizuri sana. Kisha likaja somo la mimea. Niliuliza kama mmea unahitaji mwanga ili ukue, nikanyamaza. Nekesa akasimama, akaweka mkono kwenye kioo, akasema, “Mama, nije kwako?” Nami nikamtazama, nikaitikia kwa kichwa, nikatabasamu, nikasema, “Ndiyo. Tena sana. Umesema vizuri.”

Mama anasema watu kinuni walipiga makofi. Wewe ulizima injini. Mke wa mchungaji akasema mtoto ameitwa na mama yake mbele ya mashahidi, na kabla giza halijaingia ukawa umekwenda kuuliza habari za basi.

Kaka, nimeisoma sehemu hiyo mpaka karatasi imepasuka kwenye mkunjo. Sijui nikuelezeje uchungu wake. Mtoto wangu aliniuliza swali ambalo amelibeba tangu nilipoondoka, na aliyemjibu ni kanda.

Ningekuwa na afya ningesema haya basi, mleteni, tutabanana. Lakini ugonjwa huu unaambukiza, na huwashika watoto upesi zaidi. Muuguzi ameniambia waziwazi nisilale chumba kimoja na mtoto yeyote. Kila asubuhi nakwenda zahanati nachomwa sindano mbele ya macho yao na kumeza vidonge mbele ya macho yao, na nikikatiza nikaondoka, ugonjwa utarudi umekomaa na dawa hizi hazitauweza tena. Ndiyo sababu hata mimi siwezi kupanda lori la Barasa nikaja, ingawa usiniulize ni mara ngapi nimetazama lori hilo. Siwezi kuja na yeye hawezi kuja.

Nikwambie na jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Ninaogopa kufa hapa, kaka. Kifo chenyewe nakiogopa kama mtu mwingine yeyote, lakini ninaloogopa zaidi ni kwamba nikifa nyinyi hamtajua. Mtaendelea kuniona saa kumi na moja, nimevaa koti jekundu, nawauliza watoto habari za vipepeo. Mama ataendelea kujifunga leso safi kuja kinuni kunisalimu. Nekesa atakua mbele ya kioo kile, na mimi nitakuwa nimezikwa na manispaa. Nikifikiria hilo nashindwa kupitisha sindano kwenye gunia.

Basi Ijumaa, baada ya kuchomwa, nilipanda kilima mpaka kituoni. Njiani nilikaa chini mara nyingi kuliko nilivyotembea. Nilikuwa na wazo moja tu, niingie hewani, niseme sentensi moja kwa sura hii niliyo nayo, mwione.

Pale amebaki mtu mmoja. Anaitwa Okello, ila sote tunamwita Afande, kwa sababu alikuwa fundi wa redio jeshini kabla ya kuletwa kulinda mitambo. Ni mtu wa kaskazini, mrefu, mpole, na Kiswahili chake ni cha kambini. Sasa yeye ndiye mlinzi, ndiye fundi, ndiye anayeweka kanda. Alifungua lango, akaniuliza nataka nani.

“Afande, ni mimi. Mwalimu Nasimiyu.”

Alinitazama. “Mwalimu? Lakini mimi naona wewe kila siku. Ule iko mzima.”

Nilikaa kwenye jiwe la langoni nikamweleza yote. Alinipeleka mpaka studio, akafungua mlango ili nijionee. Kamera hazipo. Taa hazipo. Zimebaki nyaya ukutani, meza yangu, na lile koti jekundu likining'inia kwenye msumari.

“Hapa hakuna kitu ya kukamata sura,” akasema. “Walibeba yote. Imebaki ile mashine ya huko juu, inacheza kanda tu. Inatoa, haiingizi.”

Nililivaa lile koti, sijui kwa nini. Mabega yaliniangukia mpaka kwenye viwiko. Afande aligeuka akatazama mlango kama mtu aliyesikia hodi. Kule pembeni, sakafuni, niliikuta picha ya Nekesa na utepe wake, vumbi tupu. Ninayo hapa ninapoandika.

Ni picha hiyo iliyonikumbusha kanda ya mafuta na maji. Nikamwomba Afande aicheze kabla ya Jumamosi.

Alikataa. “Kanda iko na namba, mwalimu. Mimi nafuata namba. Wakubwa wakiona mimi nachezea mpango, nao watanitoa, na hii station itabaki na nani?”

“Watoto wako wako wapi, Afande?”

“Kwetu. Huko kwa vita.”

“Wanakujua?”

“Sauti wanajua. Misheni iko na redio ya kuita. Mara moja moja nasema na wao.” Alichezea ufunguo mkononi. “Ule mdogo anauliza kama mimi iko mtu ama iko redio.”

Tukasimama hivyo hivyo ndani ya chumba kile kitupu, watu wazima wawili. Mwisho akauliza, “Kanda gani?” Nikamwonyesha kwenye rafu. Akasema, “Jumatano. Mara moja tu. Mtu akiuliza, nitasema nilikosea namba.”

Sasa sikiliza, Wafula, na ufanye kama ninavyokuandikia, usiongeze ujuzi wako.

Jumatano asubuhi peleka betri ya televisheni ikachajiwe, isije ikafa katikati kama siku ile ya mahubiri. Saa kumi na moja zima kinu, watu wa unga wangoje nje. Kaeni ndani wewe, mama na Nekesa. Nitatokea na koti jekundu. Mezani patakuwa na glasi ya maji, chupa ya mafuta ya kupikia na kijiko. Nitasalimia. Kabla sijauliza swali lolote, kijiko kitaniponyoka kianguke chini. Nitainama kukiokota, nitajigonga kichwa kwenye meza, nitacheka, nitasema, “Hata mwalimu huangusha.” Mkubwa alitaka turudie, lakini kanda tupu zilikuwa haba siku hiyo, pakabaki hivyo.

Leo ni Jumapili, kaka. Hakuna mtu anayejua Jumapili kwamba Jumatano kijiko kitamponyoka na atagonga kichwa. Ukiniona nimekiangusha, itoe karatasi hii mfukoni uitazame, uone kama haikuandikwa hapa kabla. Hapo ujue yule ni kanda, na dada yako ni huyu aliyeandika. Picha yangu pia uitoe, umwambie mama atazame vizuri, si shangazi. Nadhani utaniamini, kwa sababu wewe ni mbishi lakini si mjinga.

Hayo ni yako. Nekesa yeye hataamini barua, na wewe hatakuamini, atasema mjomba anamzuia. Ameitwa na mama yake kwa mdomo wake, na atakayemzuia lazima awe ni mama yake huyo huyo. Kwa hiyo mwache aniulize mwenyewe. Nikishamimina mafuta nitauliza kama yatazama chini ya maji, kisha nitanyamaza. Hapo aseme, “Mama, nije Jumamosi?” Asikawie, nafasi si ndefu. Nitamtazama. Nitasema, “Hapana, mwanangu. Subiri kwanza.”

Hilo neno mwanangu halikuwamo katika somo. Lilinitoka lenyewe kwa ajili ya ile picha, na mkubwa alinigombeza kwa hilo, akasema watoto wa watu wengine nao wanatazama. Namshukuru Mungu kwamba hatukurudia.

Najua ni kumlaghai mtoto. Nimeliwaza sana na sijaona njia nyingine ya kumfikishia hapana yangu akaipokea. Na ile ndiyo yake aliipata kwa njia hiyo hiyo. Akilia, mshike, usimwambie kulia ni utoto, yeye ni mtoto. Mama ampakate. Viatu avae kanisani. Siku atakapoweza kuelewa nitamweleza mimi mwenyewe, nikiwa hai, na nikiwa mbele yake pasipo kioo. Ukisikia kwa Barasa kwamba sikwenda kumwona wiki mbili zikipita, njoo wewe, uliza kwa Afande kilimani. Usisubiri kuniona nimeacha kutokea kwenye televisheni, kwa sababu sitaacha.

Msalimie mama sana, mwambie salamu zake zote alizonipa pale kinuni nimezipata sasa. Msalimie wifi yangu, na umwambie aendelee kumkanda mama goti hata kama anatukanwa. Mchungaji na mkewe wape salamu zangu, kwamba sina kinyongo, ila barua zangu wasizisome tena kwa sauti. Fundi wa kinu msalimie, na mjomba mwenye ng'ombe, na yule mzee anayekaa mlangoni akisema mimi ni mke wake, mwambie ameoa mgonjwa.

Ni mimi dada yako, aliye Kawempe na si kwenye kioo,

Nasimiyu

Kaka, nilikwisha kuifunga nikaifungua tena. Kuna swali la pili, nisipokuambia litawaharibia kazi yote. Baada ya kukoroga glasi nitauliza kama tukiyaacha maji yatulie, mafuta yatapanda tena juu. Hapo nilisahau maneno yangu, kwa hiyo nafasi ile ni ndefu kuliko zote nilizowahi kumpa mtoto. La safari asirudie, hilo mkataze kabisa. Lakini jingine lolote usimpangie, mwache aniulize analotaka yeye. Saa hiyo nitakuwa nimesimama Kamwokya, huku huku Kampala, mbele ya duka la redio lenye televisheni dirishani, nje ya kioo, nikilisema jibu pamoja na yule wa kwenye kanda. Jibu lake ni ndiyo.